Saa Njema ya Kupiga Picha Kando ya Ziwa

Akina mama wenzangu, karibu kila nyumba ina bahasha, albamu au simu iliyojaa picha. Ukizitazama kwa utulivu utagundua jambo moja. Mahali ni pazuri, nguo ni nzuri, watu wamejipanga vizuri, lakini sura hazionekani. Macho yamekuwa mashimo meusi. Watoto wamekunja nyuso kama wanaotaka kulia. Au nyuma yao ziwa limekuwa jeupe kama shuka, na wao wenyewe wamebaki vivuli. Hapo ndipo tunapoilaumu kamera, na wengine huwagombeza watoto kwa kutotulia. Mara nyingi kamera na watoto hawana kosa lolote. Tatizo ni saa tuliyochagua na upande tuliosimama.

Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, na kwa miaka kadhaa nimesaidia kupiga picha za ubatizo, kipaimara na sherehe za akina mama kanisani kwetu. Sikusomea kazi hiyo. Ninayoyajua nimeyapata kwa kutazama jinsi jua linavyotembea juu ya mji huu wa miamba na ziwa lake. Napenda tutembee pamoja siku nzima, kuanzia asubuhi hadi usiku, ili uone mwenyewe mwanga unavyobadilika na namna ya kuutumia.

Kwa nini tujisumbue na jambo hili?

Labda utasema kwamba picha ni anasa, na mama mwenye watoto, shamba na biashara ndogo hana nafasi ya kulitazama jua. Nami ningesema hivyo kama nisingekuwapo siku fulani katika jumuiya yetu, tulipompoteza mama mmoja wa miaka thelathini na kitu. Tulikusanyika nyumbani kwake, na ndugu wakamwaga picha zote kwenye mkeka ili ichaguliwe moja ya kuwekwa juu ya jeneza. Zilikuwa kumi na moja. Katika nne ameinama jikoni penye masufuria, tunaona mgongo na kitambaa cha kichwa. Katika tano amesimama nje ya kanisa jua likiwa utosini, na paji la uso limetia giza macho yote mawili. Mbili zilipigwa ziwani jioni, na yeye ni umbo jeusi tu mbele ya maji yanayong'aa. Hatimaye ilikuzwa picha ya kitambulisho chake. Mtoto wake wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne, alipita mbele ya picha ile mara kadhaa bila kusimama. Hakumtambua mama yake.

Tangu siku hiyo nimeacha kuiita picha nzuri kuwa ni anasa.

Kwanza, ujue ziwa liko upande gani

Jiji la Mwanza liko kusini mwa Ziwa Victoria, kwenye ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza. Maana yake ni kwamba kwa sehemu kubwa ya mji, jua huchomoza nyuma ya vilima na kuzama upande wa maji. Jambo hili dogo ndilo linaloharibu picha nyingi za familia.

Chukua mfano wa Jiwe la Bismarck, ile miamba iliyobebana majini karibu na kivuko cha Kamanga. Familia nyingi hufika pale Jumapili jioni, wakiwa wamevaa vizuri. Baba anawapanga watoto wakiwa wamelipa jiwe mgongo, naye anasimama nchi kavu akitazama majini. Kumbe wakati huo jua liko nyuma ya watoto, linaiangalia kamera usoni. Kamera inaona mwanga mwingi, inajipunguza nguvu, na sura zinabaki gizani.

Ukitaka watoto na jiwe waonekane pamoja, nenda asubuhi. Jua likitoka mashariki litawaangaza nyusoni, na jiwe pia litang'aa nyuma yao. Ukifika jioni, badilisha mpango: wewe mpiga picha usimame upande wa maji, watoto walitazame ziwa, na mji wenye vilima uwe nyuma yao. Wote watakuwa na mwanga wa dhahabu usoni.

Dada zetu wa Bukoba wafanye kinyume. Kule ziwa liko mashariki, kwa hiyo jua huchomoza majini na jioni huangaza kutoka nchi kavu. Picha ya kusimama mbele ya ziwa ambayo Mwanza ni ya asubuhi, Bukoba ni ya jioni.

Asubuhi

Wasukuma wana salamu zinazofuata siku. Asubuhi utasikia "Mwangaluka", na mchana ukishasonga salamu hugeuka kuwa "Mwadila". Mpiga picha naye anapaswa kuwa na salamu mbili, kwa sababu mwanga wa asubuhi na wa mchana si ndugu.

Mwanza iko magharibi mwa nchi, lakini tunatumia saa moja na Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo jua letu huchelewa kwa kama dakika 25 kuliko la kule. Kutegemea mwezi, huchomoza kati ya saa 12:25 na saa 1:00 asubuhi. Kuanzia hapo hadi kama saa 1:30 mwanga ni laini na wa rangi ya asali.

Sababu yake ni rahisi. Jua likiwa chini, mwanga wake hausafiri kwa njia fupi ya juu. Hukata hewa kwa mshazari, na hupita katika hewa nyingi zaidi ya mara 30 kuliko jua la utosini. Katika safari hiyo ndefu rangi ya buluu hutawanyika angani, na inayotufikia zaidi ni ya manjano na nyekundu. Nguvu ya mwanga nayo hupungua, kwa hiyo mtoto anaweza kutazama upande wa jua bila kukunja uso.

Fika Mwaloni, Kirumba, saa hizo. Mitumbwi imerudi, dagaa wanashushwa, akina mama wanapima na kubishana bei. Mwanga unaingia kutoka pembeni, na kila kitu kina umbo: mkunjo wa kitenge, ukingo wa ndoo, mistari ya mikono iliyofanya kazi tangu usiku. Ukipenda kumpiga picha mmoja wao, msalimie kwanza na umwombe. Yuko kazini, na uso ni wake.

Mwanga huu mzuri huendelea kupungua ulaini hadi kwenye saa tatu. Kama una kikao cha picha za familia, saa moja na nusu hadi saa tatu asubuhi ni wakati mwema, hasa kwa watoto wadogo ambao jioni huwa wamechoka na kuchafuka.

Mchana

Hapa jua halifiki juu kabisa saa sita kamili. Hufika kati ya saa sita na nusu na saa saba. Tena, kwa kuwa tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, kuna nyakati mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, ambapo jua hupita karibu kabisa utosini na kivuli chako hukusanyika miguuni.

Mwanga wa namna hii huangukia kichwa, pua na mashavu, na kuacha macho kwenye kivuli cha paji. Nguo nyeupe huungua katika picha, na mapambo yake hupotea. Tatizo ni kwamba saa hizo ndizo ibada inapokwisha, maharusi wanapotoka, na watoto wa kipaimara wanapopangwa kwenye ngazi. Hatuwezi kuahirisha harusi kwa sababu ya jua. Yako mambo tunayoweza kufanya.

La kwanza ni kutafuta kivuli kizima. Veranda ya kanisa, upande wa ukuta usiopigwa na jua, au mwembe wenye majani mengi. Epuka mti wenye majani machache, kwa maana mwanga hupenya na kumtia bibi harusi madoa usoni kama mwenye ugonjwa wa ngozi. Wasimamishe watu karibu na ukingo wa kivuli, nyuso zikielekea nje kwenye anga wazi. Hapo hupata mwanga mwingi lakini wa upole.

La pili ni kutumia mawe yetu. Mwanza imejaliwa miamba mikubwa yenye rangi ya kijivu isiyo nzito. Upande mmoja wa jiwe hukupa kivuli, na jiwe jingine lililo mbele, likipigwa na jua, hurudisha mwanga usoni taratibu. Utaliona vizuri jambo hili katika Kisiwa cha Saanane, ambacho kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama na kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 2.18 tu, na boti kutoka mjini huchukua dakika chache. Wageni wengi hufika mchana. Wakisimama juu ya jiwe wanakuwa na picha mbaya, na wakishuka hatua kumi kwenye kivuli cha jiwe lilelile wanapata picha njema.

La tatu ni shuka jeupe. Mtu mmoja alishike au alitandaze chini mbele ya wanaopigwa picha. Litarudisha mwanga chini ya kidevu na kwenye macho. Mchanga mweupe wa ufukweni hufanya kazi hiyohiyo bila kushikwa na mtu.

Kuna kipimo kimoja kisichohitaji saa wala kamera ya bei. Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, piga picha juani. Kikiwa kifupi kuliko wewe, tafuta kivuli. Hapa kwetu kivuli hulingana na urefu wako karibu na saa nne kasorobo asubuhi, na tena karibu na saa kumi kasorobo alasiri.

Wala usiyachukie mawingu. Siku ya mawingu, anga lote hugeuka kuwa taa moja kubwa yenye mwanga wa upole, na hata saa saba mchana unaweza kupiga picha popote. Katika miezi ya masika na vuli, subiri mvua ikatike. Vumbi huwa limeoshwa, na ng'ambo ya ghuba huonekana kama imesogea karibu.

Ngozi yetu na kamera

Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ziwa linalong'aa, kamera husikiliza ziwa zaidi kuliko mtu. Kwenye simu dawa yake ni nyepesi. Gusa uso wa mtu kwenye kioo kabla ya kupiga, na simu itapima mwanga wa pale. Katika simu nyingi unaweza pia kuburuta kidole juu kidogo ili kuongeza mwanga.

Ni vema kujua kwamba tatizo hili lina historia. Zamani za mikanda, kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilipelekewa na kampuni ya Kodak kadi ya mfano ya kurekebishia rangi. Ilikuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na ikaitwa kadi ya Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na ngozi nyeusi zikafuata kama zilivyoweza. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Hata katika simu, kampuni ya Google ilianza kutangaza marekebisho kwa ajili ya ngozi nyeusi katika simu zake za Pixel mwaka 2021. Kwa hiyo, mama, ukiona katika picha za zamani kwamba uso wako umekuwa doa jeusi lenye meno, usidhani ulikuwa mbaya. Kipimo hakikuwekwa kwa ajili yako.

Neno la muuguzi: picha ya mtoto mchanga

Hapa naomba niweke kamera chini kidogo. Siku hizi mama aliyejifungua hunitumia picha kwa simu na kuuliza, "Dada, mtoto huyu ana manjano?" Naelewa hofu yake. Lakini picha iliyopigwa jua la jioni, au chini ya balbu ya manjano, humfanya kila mtoto awe wa manjano. Na picha iliyopigwa kwenye kivuli chenye mwanga wa kibuluu yaweza kuificha manjano iliyopo. Mwanga ule unaopendeza katika picha ya harusi, kwa mtoto mgonjwa waweza kudanganya.

Wauguzi humtazama mtoto kwa mwanga wa mchana, karibu na dirisha, akiwa amevuliwa nguo. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi tunatazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano ikionekana siku ya kwanza baada ya kuzaliwa, au ikifika viganjani na kwenye nyayo, au mtoto akilegea na kukataa kunyonya, usitume picha. Mbebe mtoto uende hospitali saa hiyohiyo. Manjano ikizidi huweza kuharibu ubongo na masikio ya mtoto.

Aliyefungua njia ya tiba ya mwanga alikuwa muuguzi mwenzetu. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, Sista Jean Ward alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto wachanga uani kupata jua. Akaona kwamba mtoto mmoja mwenye manjano alikuwa amepauka sehemu zilizopata mwanga, na sehemu iliyofunikwa na shuka ilibaki ya manjano. Madaktari wakafuatilia, na mwaka 1958 matokeo yakachapishwa. Leo watoto hulazwa chini ya taa za buluu kwa sababu ya jicho lake. Lakini usimtibu mwanao kwa kumwanika juani nyumbani. Jua la Mwanza laweza kumchoma na kumkausha maji, na wewe utakuwa umechelewa.

Jioni

Jua letu huzama kati ya saa 12:35 na saa 1:10 jioni, kutegemea mwezi. Kuanzia saa kumi na moja mwanga hulainika tena, na dakika arobaini za mwisho ndizo za dhahabu. Lakini karibu na Ikweta jua hushuka wima, halizungukizungu­ki. Likishazama, baada ya dakika ishirini na kitu tu ni giza. Mjini London mwezi Juni mwangaza kama huo hukaa zaidi ya dakika 40. Kwa hiyo usianze kusuka watoto nywele saa kumi na mbili. Wawe wamevaa, wamekula, na wamesimama mahali pao saa kumi na moja na nusu.

Mwezi Juni, katika ngoma za Bulabo huko Bujora, Kisesa, utaona jambo jingine la jioni. Ni kiangazi, wachezaji wanatifua vumbi, na jua la chini likipita ndani yake vumbi hugeuka kama moshi wa dhahabu. Ukisimama ukilielekea jua, wachezaji huwa maumbo meusi yenye ukingo unaowaka. Picha hiyo ni nzuri kwa ngoma. Kwa ajili ya kumbukumbu ya sura ya mtu, geuka.

Ndivyo ilivyo ufukweni Luchelele pia. Piga picha moja ya maumbo meusi mbele ya jua linalozama, kwa sababu inapendeza. Kisha wageuze watoto walitazame jua, wapige tena. Ile ya kwanza utaitundika ukutani, na ya pili utaitafuta siku utakapowakumbuka.

Usiku

Usiku usio na mbalamwezi, tazama ziwani. Utaona taa nyingi zimejipanga kama mji mwingine. Ni wavuvi wa dagaa, ambao huwavuta samaki kwa mwanga. Zamani zilikuwa karabai, na sasa wengi hutumia taa za betri na za umemejua. Ukitaka kuzipiga picha, egemeza simu kwenye jiwe au ukuta na usitikisike, maana usiku kamera huhitaji muda mrefu zaidi kukusanya mwanga. Usiwashe flashi. Mwanga wa flashi hufika hatua chache tu, na wavuvi wako mbali.

Mama naye awe ndani ya picha

Nimeona katika picha za familia nyingi kwamba mama hayumo. Yupo nyuma ya kamera, au jikoni, au anamfunga mtoto kamba za viatu. Husema, "Mimi sijavaa vizuri, wapigeni watoto." Watoto hawatauliza ulivaa nini. Watataka kuyaona macho yako.

Wiki hii chagua siku moja. Saa kumi na moja na nusu jioni, au saa mbili asubuhi, mpe mtoto mkubwa au baba watoto simu. Simama ukilielekea jua, kivuli chako kikiwa kirefu nyuma yako. Mwambie aguse uso wako kwenye kioo kabla ya kupiga. Kisha peleka picha hiyo studio ichapishwe kwenye karatasi, kwa kuwa simu huibiwa na hutumbukia majini. Nyuma yake andika kwa kalamu jina lako, mahali na tarehe. Fanya hivyo pia kwa mama yako mzazi kama bado yuko. Mtoe nje ya nyumba taratibu, mkalishe kwenye kigoda mwanga unapolainika, na umwongeleshe mpaka atabasamu.